Puli ya Mbele

Mtaa mzima ulimwita Fundi Shafti, ingawa wengi wa waliomwita hivyo wasingeitambua shafti hata ikiwaangukia mguuni. Walichojua ni kwamba gari likifa kifo cha kweli, si kifo cha betri wala cha plagi, injini yake hupelekwa kwa yule mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya buluu, naye huifungua, huipima, huichonga, na mara nyingi huirudisha duniani. Karakana ilikuwa ya baba yake. Alikulia humo, akilala usingizi wa mchana juu ya magunia huku mashine zikinguruma, na hesabu zake za kwanza alizifanya kwa bolti. Baba alipofariki, wajomba walidhani binti atauza mashine agawane nao. Hakuuza. Alibadilisha kufuli tu.

Baba yule alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya kutia ubaridi. "Injini haifi ghafla," alikuwa akimwambia. "Wanaokufa ghafla ni waliomo ndani ya gari. Yenyewe huanza kusema mapema sana, ila inasema kwa sauti ndogo."

Fundi aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha afya cha pale pale. Watu walimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa kuliko shati. Alikuwa akikata kona kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Hata nyumbani alifunga mlango bila kuubamiza, na alipokasirika alinyamaza. Gari lake lilikuwa la zamani, refu, boneti kama meza ya kulia, na chini ya boneti hiyo kulikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kila jioni Taratibu alililaza kwenye uwanja wa nyumba yao, hatua chache kutoka mlango wa karakana, kwa sababu wagonjwa hawana saa.

Wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa dada mdogo wa Taratibu. Mumewe alikuwa kazini mbali, na yeye alikuwa amekuja kukaa kwa kaka yake kusubiri kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka huko nyuma. Hii ya tatu ilikuwa imekaa, tumbo limemtangulia kama ngao, na nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa kunyata ikilizunguka. Yeye na Fundi walitaniana kama wifi wanavyotaniana, asubuhi mpaka jioni, bila kupumzika hata wakati wa kula.

Siku moja wifi mtu alimletea Fundi chakula karakanani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akashusha pumzi.

"Wifi, nieleze kitu kimoja," akasema. "Gari la kaka nikilipanda, nasinzia. Pikapu yako nikiipanda, mtoto anapiga mateke ya kuomba kushuka. Zote si injini? Au ni roho ya mwenye gari?"

"Ni roho ya mwenye gari," alijibu Fundi. "Yangu inapenda watu wakae macho." Kisha akafuta mikono, kwa sababu swali la injini hakuwahi kuliacha lipite. Akamsogeza karibu na meza, ambako shafti ya injini ya silinda sita ilikuwa imelala juu ya mbao mbili: chuma kirefu kilichopindwapindwa, mizunguko yake imetokeza huku na huku kama viwiko.

"Ona. Pistoni zinapanda na kushuka ndani ya silinda. Mafuta yanawaka juu yake, yanazisukuma chini, na hii shafti inazungushwa, kama wewe ukikanyaga pedali za baiskeli. Kwenye injini ya mstari, silinda zote zimesimama foleni moja, kama watu wastaarabu mbele ya dirisha la tiketi. Pikapu yangu ina nne. Mbili zikipanda, mbili zinashuka. Unadhani zinafutana, sivyo? Hazifutani sawasawa. Pistoni iliyo nusu ya juu inakimbia kuliko iliyo nusu ya chini, kwa jinsi konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na shafti, inavyolala. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokutikisa meno."

"Na za kaka?"

"Za kaka yako ni sita. Ya kwanza inatembea na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, jozi tatu za mapacha. Kila linalosukuma huku, kuna linalosukuma kule kwa nguvu ileile. Hakuna kinachobaki cha kumtikisa mgonjwa. Halafu kichwa cha injini ni kimoja, gasketi moja, na pembeni kuna nafasi, mkono wangu unafika kila mahali. Zile zenye umbo la V ni fupi, zinaingia kwenye gari lolote, lakini kila kitu ni mara mbili: vichwa viwili, gasketi mbili, na fundi analia mara mbili."

Wifi akacheka, akapitisha kidole juu ya chuma baridi. "Basi hii haina ubaya."

"Ubaya wake ni urefu." Fundi akachukua shuka kuukuu la kufutia mikono, akampa ncha moja. "Kaza hapo, usizungushe." Kisha yeye akaanza kuizungusha ncha ya pili, na shuka likajikunja, likakamuka, likawa kamba. "Kitambaa kifupi hakikamuki hivi. Kirefu kinakamuka. Huku nyuma shafti imeshikwa na gurudumu zito. Huku mbele iko huru. Kila silinda inapowaka inaipiga shafti kofi, na ncha ya mbele inajipinda na kurudi, inajipinda na kurudi, mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Ndiyo maana mbele wanafunga puli nzito ya mkanda wa feni, yenye raba katikati. Raba inameza ule mtetemo."

"Na raba ikifa?"

"Gari linaendelea kutembea. Watu wanaendelea kusinzia. Chuma ndicho kinachochoka, kidogo kidogo, mahali ambapo jicho halifiki."

"Halafu?"

"Halafu siku moja kinakatika."

Wifi akaiachia ncha ya shuka. "Wewe bwana," akasema, "ukieleza kitu chochote lazima mtu afe mwishoni."

Wakacheka wote wawili. Bado walikuwa wanacheka Taratibu alipoingiza gari la wagonjwa getini kumchukua dada yake kwenda kliniki, akaliacha linanguruma pale nje. Fundi akaacha kucheka wa kwanza.

Ilikuwa sauti ndogo. Ndani ya mngurumo ule laini kulikuwa na kitu kinagonga, si kwa nguvu, kama ukucha juu ya kopo, kinakuja na kupotea. Alitoka nje, akafungua boneti, akainama. Mkanda wa feni ulikuwa unacheza. Puli ya mbele ilikuwa inazunguka, lakini ukingo wake ulikuwa ukiyumba kidogo, kama mlevi anayejitahidi kutembea vizuri mbele ya mama mkwe.

"Zima," akasema.

"Tunachelewa kliniki," alisema Taratibu.

"Zima kidogo tu."

Alizima. Fundi akachukua chaki, akachora mstari mmoja ulionyooka kwenye uso wa puli, kutoka kitovu cha ndani kupita juu ya raba mpaka duara la nje. Hakueleza kitu. Akafunga boneti.

Kesho yake jioni alifungua tena. Mstari ulikuwa umevunjika vipande viwili. Kile cha ndani kilikuwa kimebaki mahali pake, na cha nje kilikuwa kimehama, kikaenda kusimama mbali nacho kama ndugu waliogombana. Raba ilikuwa imekufa. Duara la nje lilikuwa linateleza peke yake, na shafti ndani ilikuwa inajikamua bila wa kuituliza.

Alimwita mumewe, akamwonyesha.

"Ni puli tu, mke wangu," alisema Taratibu. "Injini inavuta vizuri. Haijawahi kuvuta vizuri kama mwezi huu."

"Haivuti vizuri. Inakaza meno."

"Nimwambie nini mkuu wa kituo? Kwamba mke wangu amechora chaki?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Taratibu akafunga boneti polepole, na Fundi akajua hatamwambia. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe. Mkuu wa kituo alikuwa muuguzi wa makamo, miguu imemvimba kwa kusimama, mtu mwema aliyekwisha kuchoka mpaka kwenye nywele. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho, bila dharau.

"Nakuamini," akasema. "Nitaagiza hiyo puli makao makuu. Lakini itakuja lini, hilo sijui."

"Gari lisimame mpaka ije."

"Nikilisimamisha leo, kesho akiletwa mama anayevuja damu nimpakie kwenye nini? Kwenye toroli?"

"Kwenye pikapu yangu."

Muuguzi akatabasamu kwa uchovu. "Fundi, kwenye pikapu yako mtu anapanda mzima anashuka mgonjwa." Akamshika bega. "Utaniambia likizidi."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na hasira isiyokuwa na wa kumwangukia. Hakuna aliyekuwa mjinga katika jambo lile. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri, na katikati ya sababu hizo nzuri kile chuma kilikuwa kinazunguka. Usiku alimsikia Taratibu akikoroma na wifi akigeuka kitandani chumba cha pili. Asubuhi gari lilipowashwa aliusikia ule ukucha juu ya kopo. Hakuna mwingine aliyeusikia. Alianza kujiuliza kama na yeye anausikia kweli, au ni baba yake anaongea kichwani.

Juma lililofuata Taratibu alirudi asubuhi kutoka safari ya mbali, akaegesha gari uwanjani, akala, akalala usingizi mzito wa mchana. Wifi alikuwa ndani anakunja nguo za mtoto. Fundi alisimama mbele ya boneti kwa muda. Kisha akaenda kuchukua vifaa.

Alilegeza mkanda, akafungua bolti kubwa ya katikati, akaivuta puli kwa chombo chake cha kuvutia beringi. Ilitoka kwa urahisi uliomtisha. Aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka sakafuni mwa pikapu upande wa abiria, ili akaitumie kama sampuli. Kule mjini, kwenye soko la vyuma chakavu, alijua watu wanaovunja magari ya aina ile. Akikosa puli yenye raba hai, basi gari litakaa hapo kimya kama kufuli, na watu wanune wanavyotaka. Akiipata, jioni ataifunga, kisha ndiyo atasema. Hakumwamsha mumewe. Alijua akimwambia, mtu yule mpole ataomba, ataeleza, atamtaja mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na mwisho yeye mwenyewe ataifunga ile puli mfu kwa mikono yake. Akawasha pikapu akaondoka.

Sokoni palikuwa na kelele za nyundo na misumeno. Alizunguka kibanda hadi kibanda, akibonyeza raba kwa kucha. Nyingi zilikuwa zimekauka kama kisigino. Hatimaye, chini ya rundo la vichwa vya injini, aliipata moja nzito, raba yake laini, imebana pande zote. Aliinunua bila kubishana bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akaiweka sakafuni, kwenye kitambaa kimoja na ile ya zamani. Alirudi akiwa mwepesi. Alikuwa amefika nusu ya njia alipotazama simu, akaona amepigiwa mara nyingi kutoka nyumbani. Alipiga. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena.

Getini alimkuta jirani, mwanamke muuza mkaa, amesimama mikono kichwani.

"Ulikuwa wapi, wewe?" jirani akasema. "Wifi yako amepelekwa hospitali kubwa. Damu, dada yangu, damu. Na wezi nao, Mungu awalaani, walikuwa wameiba puli ya gari! Mumeo amehangaika hapa mpaka nikalia."

Fundi alitazama uwanjani, pale gari lilipokuwa. Palikuwa na doa la oili na alama za matairi.

"Ameondokaje bila puli?"

"Kachukua nyingine humo humo kwako, kafunga."

Alikimbia ndani ya karakana. Ukutani, puli zilikuwa zimening'inia kwenye misumari, ndogo mpaka kubwa. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Alikijua kilichokuwa pale bila kufikiri: puli nyepesi ya injini ya silinda nne, ya kampuni ileile, tundu lileile, bolti ileile, mkanda unaingia bila shida. Chuma kitupu. Haikuwa na raba hata kidogo, kwa sababu shafti fupi haiihitaji. Taratibu alijua kufunga, hakujua kupima. Alikuwa ameiona inaingia, akamshukuru Mungu. Ile puli mbovu angalau ilikuwa na uzito wake, na mara mojamoja raba yake ilikamata. Hii isingekamata kitu.

Na njia ya hospitali kubwa ilikuwa inapanda kilima.

Baadaye hakukumbuka jinsi alivyoendesha. Alikumbuka usukani ukimtetemekea mikononi, na jinsi alivyokuwa akiitukana pikapu na kuibembeleza kwa pumzi moja. Mwanzo wa kilima hakuona kitu, akaanza kutumaini. Kisha kwenye lami akaona mstari wa oili, mwembamba kama uzi. Aliufuata. Uzi ukawa utepe. Mbele kidogo, katikati ya barabara, palikuwa na dimbwi jeusi linalong'aa, na kutoka kwenye dimbwi lile alama zilikuwa zinarudi nyuma, kuteremka, zikipinda kuelekea ukingoni.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegemeza tako lake kwenye ukuta wa udongo upande wa mlimani. Upande wa pili wa barabara palikuwa na bonde.

Taratibu alikuwa amesimama kando yake, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Ilipiga mlio mmoja," akasema, kama anayeeleza ndoto. "Mlio mmoja tu. Ikazimika. Tukaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki ikashika, nikakanyaga tena ikawa ngumu kama jiwe. Nimeliegemeza hapa. Usukani umenivunja mkono."

"Wifi?"

"Ndani."

Mkuu wa kituo, waliyempitia njiani, alikuwa ndani naye. Gari lilipoanza kurudi nyuma alikuwa amejilaza juu ya mgonjwa na kuikumbatia machela, na sasa alikuwa amepiga magoti, kofia imedondoka, mikono yake ina damu isiyokuwa yake. Alimtazama Fundi mara moja tu.

"Lete pikapu," akasema.

Walimhamisha na godoro lake. Lori la mchanga lilikuwa limesimama nyuma, na dereva wake akasaidia kubeba. Wifi alikuwa na fahamu. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alipomwona Fundi alijaribu kusema kitu cha utani, ikatoka pumzi tu. Muuguzi alipanda naye nyuma, akamshika mabega. Taratibu alipanda mbele.

Fundi aliikanyaga pikapu ikapanda kilima ikilia. Kila mtikisiko aliujua ulikotoka. Pistoni mbili juu, mbili chini, na ile tofauti ndogo kati yake, ile ndogo isiyofutika, ilikuwa inapita kwenye chasisi, inapita kwenye godoro, inaingia katika mwili wa mtu asiyetakiwa kutikiswa. Alisikia kilio nyuma. Akipunguza mwendo, dakika zinakwenda. Akiongeza, mtetemo unazidi. Hapakuwa na mahali pazuri katikati.

Gari lilipoingia kwenye shimo, kitu kilimgonga Taratibu mguuni. Aliinama, akafungua kitambaa kwa mkono wake mzima. Palikuwa na puli mbili. Moja alikuwa haijui. Ya pili ilikuwa na mstari wa chaki uliovunjika vipande viwili.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaifunika tena, taratibu, kama anavyofunga milango, akageuza uso akatazama nje. Hakusema neno mpaka hospitali. Fundi alisikia kwamba kimya kile kimeingia katika nyumba yao kabla wao wenyewe hawajarudi.

Wifi alipona. Mtoto, msichana, hakupona. Daktari aliyetoka kuzungumza nao alisema kondo lilikuwa limeachia mapema, na kwamba katika hali kama ile hata muda mfupi una uzito. Taratibu alimuuliza ni muda upi uliomwua mtoto: ule wa kutafuta puli, au ule wa kilimani, au ule wa kabla ya yote hayo. Daktari akasema hilo hawezi kumjibu, na hakuna atakayeweza.

Gari lilivutwa mpaka karakanani. Kwa siku nyingi lilikaa uwanjani bila mtu kuligusa, na kwa siku nyingi Taratibu aliongea na mkewe maneno ya lazima tu: chumvi, ufunguo, maji. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Kisha siku moja, bila kuitwa, aliingia karakanani akamkuta Fundi ameinyanyua ile injini kwa mnyororo na kuigeuza tumbo juu. Akasimama kutazama. Alipoona anahangaika na sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, akamshikia upande mmoja kwa mkono wa kushoto.

Shafti ilikuwa imekatika nyuma, karibu na silinda ya mwisho, pale ambapo gurudumu zito linaishika na mkamuo wote unaishia. Fundi aliitoa vipande viwili. Akaufuta uso wa pale ilipokatika, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Njoo uone," akasema.

Sehemu ndogo ya uso ule ilikuwa inang'aa, ina punje kama sukari. Hiyo ndiyo iliyokatika kilimani. Lakini sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ilikuwa nyeusi na laini, ina mistari myembamba iliyofuatana kama alama za maji yanayokauka kwenye beseni. Ufa ulikuwa umetembea humo kwa miezi, kabla ya chaki, pengine hata kabla ya mimba.

Taratibu alielewa.

"Basi ingekatika tu," akasema. "Hata kama usingeitoa ile puli."

"Ingekatika."

"Basi si wewe."

"Ingekatika," Fundi alirudia. "Lakini siku gani? Na nani akiwa ndani? Na ile uliyoifunga wewe, uliifunga kwa sababu nilikuficha."

Taratibu alikaa kwenye kiti cha plastiki. Akalia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake, na Fundi akasimama amekishika kipande cha chuma, hajui akiweke wapi.

Wifi alikuwa bado anaamini habari ya wezi. Mtaa mzima uliamini, na wezi wale wasiokuwepo walilaaniwa kila jioni kwenye baraza. Fundi angeweza kuliacha jambo lilale hapo, na Taratibu hakumwomba alifichue wala alifiche. Alimwambia wifi mwenyewe, mchana, wakiwa wawili jikoni. Alimweleza yote, tangu ukucha juu ya kopo mpaka kitambaa sakafuni mwa pikapu. Wifi alisikiliza akiwa anamenya viazi. Alipomaliza kusikiliza aliendelea kumenya, mpaka sufuria ikajaa na kupita kiasi cha watu watatu.

"Ungenigongea mlango tu," akasema hatimaye. "Mimi nisingelipanda hilo gari. Mimi nilikuwa nakuamini."

Mwisho wa mwezi aliondoka kumfuata mumewe. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisalimu, alikumbatia, hupiga simu mpaka leo. Ila utani ulibaki palepale kwenye sufuria ya viazi, na kuanzia siku hiyo hakumwita tena wifi. Anamwita Fundi, kama watu wengine.

Mkono wa Taratibu haukuweza tena kukaza usukani. Sasa anafanya kazi karakanani, anaosha vichwa vya injini kwa mafuta ya taa, kwa upole wake uleule. Kituo kilipata gari jingine, jipya kiasi, injini yake fupi ya silinda nne imelazwa kwa upana chini ya boneti ndogo, na dereva mpya, mwanaume mcheshi anayependa kasi. Kila juma hulileta kwa Fundi kukaguliwa. Mkuu wa kituo ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Juma hili dereva aliliingiza uwanjani akiwa anaongea na simu. Fundi aliinua mkono kumnyamazisha. Akasikiliza. Akainama upande wa gurudumu la mbele, akasikiliza tena.

"Liache hapa," akasema.

"Mkuu amesema nirudi nalo sasa hivi. Leo kuna akina mama wengi."

Fundi alitoa simu yake, akampigia muuguzi, akaiweka sauti juu ili dereva, Taratibu na mteja aliyekuwa anasubiri wote wasikie. "Gari la kituo nalisimamisha," akasema. "Nalitoa mkanda sasa, na nakuambia kabla sijagusa bolti."

Upande wa pili walisikia kelele za kituo, mtoto analia, mlango unafungwa.

"Na leo akitokea mtu?" muuguzi akauliza.

"Pikapu ina mafuta. Nimeiegesha ikitazama barabarani."

"Liache," muuguzi akasema, akakata.

Dereva mpya alikaa kwenye boksi, akaacha kuchekesha watu. Fundi aliiweka simu mezani kati ya spana, akaanza kufungua. Taratibu aliosha mikono, akaenda kutandika godoro nyuma ya pikapu, kisha akarudi kusimama mlangoni. Kila gari lililopita barabarani waliligeukia wote, na kila lilipopita waliitazama tena ile simu.